Shingo ya Fundi wa Daraja

3 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mkaza mjomba wako hadi paka, ambaye amezaa tena ndani ya kabati la nguo zangu za kazi. Mama yako alipita Jumapili. Amenenepa kidogo na hataki mtu aseme, kwa hiyo nimekuambia wewe uliye mbali. Cherehani ya mkaza mjomba wako imehamia sebuleni, tunakula tukiwa tumezingirwa na sare za shule. Mimi ni mzima. Nimeandika hivyo kabla hujauliza.

Habari kubwa ni hii: daraja limepitishwa! Lile la waenda kwa miguu, la kuvuka juu ya reli. Ulikuwa na miaka kumi siku treni ilipomgonga yule mama muuza mboga, ukaniuliza kwa nini watu hawajengewi njia ya juu. Tangu siku hiyo nimegonga milango ya ofisi mpaka makatibu wakawa wanajificha wakiniona. Sasa vyuma vinakuja, na kazi imepewa karakana yetu.

Mhandisi anasema vipande vikubwa vitaunganishwa vikiwa vimeshainuliwa. Mishono ya chini ataichomelea mtu aliyesimama kwenye jukwaa, uso juu, mikono juu. Huwezi kumpa kazi hiyo mtu yeyote tu. Katikati ya Julai kila fundi anayeitaka kazi hiyo atafanya jaribio mbele yake, na hapa karakana anayeweza kuchomelea uso juu ni mimi peke yangu.

Kuna kajambo kadogo. Nina rafiki hapa kazini, shingo inamsumbua. Niandikie jina la vidonge vikali kuliko hivi vya dukani. Ni mtu mzima, anajiweza.

Mjomba wako

12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisomea ngazini, sikuweza kusubiri nifike chumbani. Chumba chenyewe kiko juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo nalala na harufu ya gundi na kuamka na nyundo. Majirani ni watu wema. Nimejifunza kupika kwa sufuria moja vitu vitatu kwa zamu. Kazini ni kuzuri. Mwambie mkaza mjomba gauni alilonishonea limenipa sifa nisizostahili, na mama mwambie unene unampendeza.

Kuhusu daraja, nilipiga kelele hadi fundi viatu akaja kuuliza kama kuna nyoka. Miaka kumi na tano, Mjomba! Nimejivuna kama vile nimelijenga mimi.

Sasa huyo rafiki yako. Nimemfikiria sana. Je, ana miaka hamsini na mbili, anapiga chafya tatu tatu na kusingizia vumbi, na ana mpwa mmoja aliyesomea tiba ya viungo na anayemwona bado mtoto?

Unajua kwa nini nilikuomba tuandikiane. Kwenye simu unasema "mzima kabisa" halafu unampa mkaza mjomba aongee. Kwenye karatasi huna wa kumpa. Basi nijibu moja moja. Maumivu yalianza lini, na yako wapi hasa? Yanashuka begani, au mkononi? Kuna vidole vinavyokufa ganzi? Mkono umepungua nguvu? Ukitembea miguu inayumba? Haja ndogo inatoka kama kawaida? Umepata homa, au umepungua mwili bila sababu? Ulianguka, au kuna kitu kilikuangukia? Na hivyo vidonge vya dukani unameza vingapi kwa siku?

Jina la vidonge vikali sikupi. Rafiki yako anaweza kukasirika, nimekubali.

Mpwa wako,
Maswali

1 Machi

Maswali wangu,

Huku mvua imeanza, bati la jikoni limevuja palepale nilipoliziba mwaka jana, na mkaza mjomba wako ananiita fundi wa madaraja asiyeweza bati. Watoto wa paka wamefumbua macho. Vyuma vya daraja vimefika, virefu hadi tumetoboa ukuta wa nyuma wa karakana ili viingie.

Haya, rafiki ni mimi.

Ilianza Novemba. Mara ya kwanza nilidhani nimelala vibaya. Sasa nikitaka kuangalia kushoto nageuka mwili mzima kama kabati. Nilimweleza kinyozi wangu, akasema hilo dogo, akanishika kidevu na kisogo akakizungusha kichwa mara moja, ka! Siku mbili nilijiona kijana. Ya tatu nilishindwa kuvaa shati. Nikarudi tena kwake, akakizungusha upande wa pili.

Baada ya hapo nilinunua kola ya shingo dukani, ile ngumu. Naivaa toka asubuhi mpaka kulala. Vijana karakana wananiita Balozi, kwa sababu siku hizi sigeuki kusalimia mtu, namsubiri aje mbele yangu. Nimecheka nao, nifanyeje?

Homa sina. Sijaanguka. Miguu iko imara na mambo ya chooni ni yangu binafsi lakini yako sawa. Vidonge nameza nikihisi haja.

Mengine uliyouliza sikumbuki, barua yako ilimwagikiwa chai.

Mjomba wako anakupenda sana... na anakuombea kazi njema, kula vizuri, usisome hadi ukasahau kulala.

8 Machi

Mjomba, shikamoo.

Salamu za wote nitazituma barua ijayo, leo nina haraka.

Nimezipanga barua zako zote kitandani, hata za mwaka jana. Herufi zako zilikuwa zinasimama wima kama mshono wako wa chuma. Za Februari zimeinama. Za Machi zinaburuzika, na mstari wa mwisho hukuuandika wewe. Huo ni mwandiko wa mkaza mjomba, namjua kwa nukta zake tatu baada ya "sana". Kwa nini mtu aandike kurasa mbili kisha ashindwe mstari mmoja?

Na chai yako ina akili sana. Imemwagikia maswali ya mkono peke yake.

Naomba uende hospitali. Hospitali ya hapo kwenu, wiki hii, usisubiri nije. Mwambie daktari kila kitu: ganzi, udhaifu, vidonge, kinyozi. Usimfiche kama unavyonificha mimi. Ukiona mkono unazidi kulegea kwa haraka, au miguu inakuwa mizito na kuyumba, au haja inabadilika, hiyo si ya wiki hii tena, ni ya siku hiyohiyo.

Kwa kinyozi nenda kunyoa tu. Mtu mwenye mshipa wa fahamu uliobanwa hazungushwi kichwa ka! na mtu asiyejua ndani kuna nini.

Usinijibu mpaka uwe umetoka hospitali.

Maswali

11 Aprili

Mpwa wetu mpendwa,

Anayeandika ni mimi, mkaza mjomba wako. Anayesema ni yeye, ameketi hapa na mto mgongoni. Nimemwambia nitaandika asemayo, ila na mimi nikiwa na langu nitaliweka, karatasi ni yangu.

Anasema: salamu, tumekaa kimya mwezi mzima, utusamehe. Mama yako hajambo. Mvua imepungua na bati halivuji. (Linavuja.)

Anasema: ni kweli mkono wa kulia una ganzi, kidole gumba na kinachofuata. Tangu Januari. Anasema hakukuambia ili usihangaike. (Mimi pia hakuniambia. Nilimwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akasema anajifunza.)

Anasema: barua yako ilipofika alikasirika, akaiweka mfukoni. Siku ya nne alikuwa ameshika rodi ya kuchomelea, ikamtoka mkononi bila yeye kujua ameiachia. Ilikuwa bado nyekundu. Ilimwangukia mwenzake kwenye kiatu. Kiatu kilikuwa kigumu, mtu hakuumia. Mjomba wako alivua kofia ya kazi akaketi juu ya mtungi mtupu wa gesi mpaka saa ya kufunga. (Alikuja nyumbani akanipa barua yako nimsomee tena.)

Basi tulikwenda. Daktari alimgonga magoti na viwiko kwa kinyundo, akamwambia akaze vidole vyake, akampima hata kutembea kwa mstari. Akampiga picha ya eksirei. Daktari anasema kuna mshipa umebanwa shingoni unaokwenda mkononi. Uti wa mgongo wenyewe hauonyeshi dalili ya kubanwa. Upasuaji hauhitajiki kwa sasa. Amempa dawa za muda na kuandika ni ngapi kwa siku, na amemkataza zile za dukani, maana alikuwa anameza kumi kwa siku na tumbo lilishaanza kuungua. (Kumi!) Atarudi baada ya wiki sita. Mkono ukizidi kulegea, kabla ya hapo. Mtaalamu wa viungo hapa huja mara moja kwa mwezi, na foleni yake ni ndefu.

Sasa anasema jambo ambalo sipendi kuliandika. Anasema karatasi ya picha imeandikwa "pingili zimechakaa". Anasema chuma kikishachakaa huwa unakitupa. Ameandika barua kwa mhandisi amtafute fundi mwingine wa kazi ya uso juu.

(Barua hiyo alinipa mimi niipeleke. Iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Sijaipeleka. Sasa hajui nimeandika nini hapa. Fanya haraka.)

Wako,
mkaza mjomba, kwa mkono wake

20 Aprili

Shikamoo Mjomba, shikamoo mkaza mjomba,

Salamu zenu zimenifikia na zote nimezielewa, hata zile za kwenye mabano.

Mimi ni mzima. Fundi viatu amepata mjukuu, jengo zima tumepewa peremende. Kazini ni kuzuri.

Mjomba, kaa vizuri unisikilize. Shingo yako si chuma. Chuma hakijirekebishi, mwili hujirekebisha, na hiyo ndiyo tofauti kubwa. Hilo neno "kuchakaa" halitishi kama unavyodhani. Nikienda benki nikawapiga picha watu wote wa rika lako walio kwenye foleni, wengi wao pingili zitaonekana zimechakaa, na wengi hao hawajui shingo inaumaje. Ni mvi za mifupa. Nani hutupwa kwa sababu ya mvi?

Kilichotokea ni hiki. Shingo ina pingili saba, moja juu ya nyingine. Kati yake kuna vitu laini mfano wa raba, na pembeni kuna vitundu ambamo mishipa ya fahamu hutoka kwenda mabegani na mikononi. Kwako, kitundu kimoja kimebana na pale pamevimba, mshipa umekasirika. Ndiyo maana ganzi iko kidoleni ilhali tatizo liko shingoni. Watu wengi wa namna yako hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache bila kupasuliwa. Sikuahidi kwamba utakuwa mmoja wao. Nakuambia una kila sababu ya kujaribu.

Kola ivue. Ilikusaidia siku mbili tatu za maumivu makali, lakini misuli inayobebewa mzigo kila siku inasahau kazi yake. Anza kwa kuivua saa moja, kesho mbili, wiki ijayo iache nyumbani. Lalia mto mmoja, usiwe mrefu. Tembea kila siku, mwendo wa mtu anayewahi kitu. Kitambaa cha uvuguvugu begani kinatuliza, kitumie upendavyo.

Halafu keti wima, vuta kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha, kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza usoni. Hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha vuta mabega nyuma na chini, kana kwamba unataka kubana penseli katikati ya mgongo. Kisha geuza kichwa taratibu kushoto mpaka panapokaza, ukomee hapo, rudi, kisha kulia. Kukaza kidogo sawa. Maumivu yakikimbilia mkononi na kubaki huko, punguza. Yakizidi, acha, urudi kwa daktari.

Na nina kazi ya upelelezi kwako. Kila ukitaka kuwasha unashusha kofia ya kuchomelea kwa kutikisa kichwa, sivyo? Mtu akae akuhesabie. Mhandisi asipate barua yoyote mpaka umenipa hesabu hiyo.

Maswali

28 Mei

Maswali,

Tazama mwandiko. Sisemi neno, wewe tazama tu.

Nyumbani wazima. Watoto wa paka tumewagawa, mmoja amekwenda kwa mama yako na tayari analala kitandani kwake. Mkaza mjomba wako amemaliza sare na tumeanza tena kuonana tukila. Alinitolea ile barua ya mhandisi kutoka kwenye vifungo, nikaichana mwenyewe. Ninyi wanawake wawili mnahitaji kuchunguzwa.

Hesabu yako ni hii: mara mia nne na kumi na mbili. Kabla ya chakula cha mchana! Mtunza stoo ndiye aliyehesabu, na alipomaliza shingo yake mwenyewe ilikuwa inamuuma kwa kuniangalia. Kofia ile ni nzito kama sufuria. Nimeketi nikajiuliza: ningemwona mtu anagonga bawaba ya mlango mara mia nane kwa siku kwa miaka thelathini, ningeshangaa kwamba imelia?

Nilimwendea mhandisi, si kwa barua, kwa miguu yangu. Nilimweleza yote, hata rodi iliyoanguka. Nilitegemea aniondoe. Alikwenda kwenye gari akaniletea kofia nyepesi, ya kioo kinachojitia giza chenyewe cheche ikiwaka. Huitikisi. Unaivaa mara moja, basi. Akasema, "Jaribio ni tarehe kumi na tano Julai. Ukiwa tayari, uje. Kama bado, uniambie tena kama ulivyoniambia leo."

Meza zote za karakana nimezichomelea miguu mirefu zaidi, sasa hatuinami. Kwa dakika ishirini za kazi tunapumzika mbili, na mafundi wote sita tunavuta videvu nyuma kwa pamoja. Mteja mmoja aliingia akatoka, alidhani tunamcheka.

Usidhani imekuwa mteremko. Wiki ya pili nilitaka kuzitupa barua zako zote. Wiki ya tatu nilijiona nimepona, nikabeba bomba peke yangu, nikalala siku mbili. Wiki ya nne niliamka asubuhi nikagundua sikuamka usiku. Daktari juzi aliniambia nikaze vidole vyake. Nikakaza. Akasema, "Inatosha, mzee, inatosha!" Ganzi imebaki nchani mwa kidole gumba, kama kumbukumbu.

Sasa ni zamu yangu. Na mimi nimepanga barua zako mezani. "Kazini ni kuzuri." Februari, Aprili, maneno yaleyale, na barua ya Machi haina hata hayo. Wewe ambaye hukuwahi kusema jambo kwa maneno matatu! Hakuna jina la utani la mkubwa wako, hakuna mgonjwa hata mmoja. Na mama yako ameniuliza kama kazi ya duka la vitambaa inamfaa msichana msomi. Nani ameulizia duka la vitambaa? Inauma wapi hasa? Ilianza lini? Usinimwagie chai.

Mjomba

10 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimetazama mwandiko. Nimeutazama mpaka nikalia, halafu nikamwonyesha fundi viatu, ambaye hakuelewa kitu lakini akasema ni mwandiko wa mtu imara.

Basi na mimi nijibu. Ilianza mwezi wa pili wa kazi. Wagonjwa wangu walikuwa hawarudi. Wanakuja mara moja, nawapa karatasi iliyochapwa yenye picha na mishale, wanaikunja wanashukuru, siwaoni tena. Januari mkuu wa kitengo alifungua daftari mbele ya wenzangu wote akasoma jina langu na idadi ya waliorudi. Watatu. Tangu hapo nilipewa kupanga magodoro na taulo, na mgonjwa mmoja mmoja aliyezidi kwa wengine. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaitia kwenye begi. Duka la vitambaa ni mimi niliyeuliza.

Nilikuwa sijui nikuambie nini. Wewe ulikuwa unaniaminia shingo yako, na mimi hapa hakuna aliyeniaminia hata bega.

Mwishoni mwa Aprili alikuja mwalimu mmoja, shingo imekaza, anasahihisha madaftari mapajani kwa sababu shuleni kwake walimu hawana meza za kutosha. Nikanyoosha mkono nichukue ile karatasi ya mishale, nikakumbuka nimetoka kukuandikia wewe kurasa nne. Nikauliza, "Mwalimu, una nafasi nikuandikie barua?" Akacheka. Nilimwandikia hivyohivyo: mpendwa mwalimu, salamu, shingo yako si mbovu, imechoka kutazama mapaja. Nikaweka madaftari yake mle, na ubao, na samaki aliyeoza.

Alirudi. Alirudi akiwa na walimu wenzake wawili. Mmoja wao alikuja na mumewe, dereva wa lori. Mpaka leo nimeandika barua thelathini na moja, na waliorudi ni ishirini na saba. Wiki iliyopita mkuu wa kitengo alifungua tena daftari mbele ya wote. Akasema, "Jumatano atatufundisha anavyofanya."

Jumatano ndiyo kesho. Naogopa, lakini sasa hivi kazini ni kuzuri, na safari hii usitafute kitu chini ya maneno hayo.

Mpwa wako,
Maswali

2 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Jaribio lilikuwa tarehe kumi na tano Julai. Leo ni Agosti mbili. Nimepiga simu, mkaza mjomba anasema, "Atakuandikia mwenyewe." Mama anasema, "Muulize mwenyewe." Hii familia imekula njama?

Kama hukufaulu niambie. Nitakuja kwa basi la kwanza na tutaanza upya. Kama mkono umerudi nyuma niambie mapema zaidi.

Jumatano ilikwenda vizuri. Wamenipa chumba changu, kidogo, kina dirisha, na mlangoni wameandika "Shingo na Mabega". Ile barua ya kuacha kazi nilikosa karatasi siku moja, nikaigeuza nikamwandikia mazoezi mama mmoja anayesuka nywele. Ameshapona, na karatasi ameibandika saluni kwake. Upande wa mazoezi ndio unaoonekana, nimekwenda kuhakikisha.

Niandikie, Mjomba. Hata neno moja.

Maswali

19 Agosti

Mpwa wangu,

Neno moja halitoshi, ndiyo maana nimechelewa. Nilitaka nikuandikie jambo lililokwisha. Habari nusu nusu umezipata za kutosha kutoka kwangu.

Wote wazima. Mama yako na mkaza mjomba wako wako nje wanabishana kuhusu kitambaa, nawasikia wakicheka. Bati nimelibadilisha lote.

Tarehe kumi na tano nilipanda jukwaani nikiwa nimeamka saa kumi na moja na kuvuta kidevu nyuma mara nyingi kuliko ulivyoagiza. Walikuja pia mafundi wawili kutoka karakana nyingine, vijana, shingo zao mpya. Mhandisi alitupa kila mmoja mshono wa uso juu, urefu wa mkono. Nilichomelea dakika kumi, nikashusha mikono, nikavuta mabega nyuma. Vijana wakatazamana. Nikaendelea, nikapumzika tena. Nilikuwa wa mwisho kumaliza. Kisha wakakata vyuma vyetu vipande wakavipinda kwa mashine, kuona mshono upi utafunguka. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikachanika pembeni. Changu kilipinda mpaka ncha mbili zikakaribia kugusana, na mshono haukutoa hata ufa wa unywele. Mhandisi alikizungusha mkononi akasema, "Hiki nakaa nacho ofisini."

Nilitaka kukuandikia siku hiyo. Nikajizuia. Kufaulu kipande kimoja ni kitu kimoja, daraja ni mishono arobaini na nane. Tuligawana vizuri: mimi nilifanya yangu uso juu, na wale vijana wawili nikawafundisha, wakafaulu jaribio la pili, wakachukua mingine. Zamani ningesema nifanye yote peke yangu. Shingo imenifundisha adabu. Kila saa tulishuka jukwaani tukatembea. Kuna siku mbili nilihisi bega linaanza kunong'ona, nikarudi nyumbani mapema, nikaweka kitambaa cha uvuguvugu, kesho yake nikaendelea. Mshono wa arobaini na nane ulikuwa wangu. Niliufunga Ijumaa ya tarehe nane, saa sita mchana, na rodi haikunitoka mkononi.

Wiki iliyofuata walipima. Walipanga mifuko ya mchanga juu ya daraja zima, mamia, na kuiacha siku mbili. Nilikwenda chini yake nikasimama, kichwa nyuma kabisa, natazama mishono yangu mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho. Mtunza stoo alinipigia kelele, "Balozi, shingo hiyo!" Nikageuka kumtazama, kichwa tu, mwili haukusogea. Akapiga makofi.

Jana limefunguliwa. Watu walijaa pande zote mbili toka asubuhi. Wanafunzi walivuka, wakarudi, wakavuka tena bila sababu. Alipita mama mmoja na beseni la nyanya kichwani, hatua zake taratibu, hatazami kushoto wala kulia. Mkaza mjomba wako alinishika mkono ule wa kulia, tukapanda mpaka katikati, tukaegemea chuma. Saa kumi treni ikaja. Ilipiga honi kutoka mbali, ikapita chini ya miguu yetu ikinguruma, mabehewa kumi na nne, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Mjomba wako